Sare ya Miaka Thelathini

Nchi yetu ni nchi ya amani, na ninayaandika haya nikiwa ndani ya amani hiyo, mlango umefungwa. Jina langu ni Tungaraza. Ni karani daraja la pili katika Idara ya Ukaguzi wa Mavazi, mji wa Ngelewa. Kwa miaka kumi na minne sijawahi kuchelewa kazini wala kuuliza swali.

Kwa msiotufahamu, nianze na sheria yetu. Kila nguo katika nchi yetu huishi siku tisini. Baba Mlezi wa Taifa aliliwaza jambo hili peke yake, akatoka barazani, akasema: "Taifa linalovaa shati la mwaka jana litafikiri mawazo ya mwaka jana." Watu walipiga makofi kwa dakika arobaini, na waliochoka kabla ya hapo waliandikwa majina. Tangu siku ile sote tunavishwa na Kiwanda cha Upya, ambacho shemeji yake Baba Mlezi anakisimamia kwa moyo wa kujitolea. Nguo zake ni za uzi wa plastiki, na mishono yake haishonwi, hubandikwa kwa gundi. Ukizivaa juani hunata mgongoni. Ukizipiga pasi huyeyuka. Mvua ikikunyeshea hufunguka kwapani. Waziri wa Uchukuzi alipasukiwa suruali katikati ya wimbo wa taifa, nasi tukashangilia, maana kanuni zinaagiza kwamba nguo ikipasuka hadharani waliopo washangilie.

Kila siku ya tisini ni Siku ya Kujivika Upya. Mji mzima hukusanyika uwanjani, tunavua za zamani nyuma ya mapazia, zinachomwa, tunapewa mpya. Moshi wake ni mweusi na watoto hukohoa wiki nzima. Redio huuita moshi wa maendeleo. Na ili kila raia apate nguo ya kumkaa, serikali iliendesha Sensa ya Vipimo: maofisa walipita nyumba kwa nyumba na tepu, wakatupima sote kuanzia shingo hadi kifundo cha mguu, na vipimo vikawekwa kwenye makabati ya idara yetu. Funguo za makabati hayo nilikuwa nazo mimi. Sikuwahi kujiuliza vipimo vya watu vinaweza kufanya kazi gani nyingine.

*

Shida ilianza kwenye Siku moja ya Kujivika Upya, mwanzoni mwa mwaka juzi, ilipofika zamu ya Mwalimu Sizya wa shule ya msingi.

Pale uwanjani tuna Mashine ya Kuraruria, zawadi kutoka nchi rafiki. Ina taya mbili za chuma. Kabla ya kuchomwa, nguo huingizwa humo, taya huvuta, na kanuni inataka ichanike kufikia mvuto wa tatu, ndipo ihesabiwe kuwa imeitumikia nchi ipasavyo. Mwalimu Sizya alitoa shati la buluu, akalikunja vizuri, akanikabidhi. Nikaliingiza. Taya zikavuta mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Shati likakaa kama lilivyo. Mara ya saba mashine ikaanza kunuka mafuta. Mara ya kumi na moja jino moja la chuma liling'oka, likaruka juu ya vichwa vyetu, likapasua kioo cha picha ya Baba Mlezi.

Watu waliinua mikono, wakaisimamisha hewani. Kanuni zilizungumzia nguo kupasuka tu, hivyo hakuna aliyejua kama inafaa kushangilia.

Mkurugenzi wetu, Mheshimiwa Dokta Kilumanga, alishuka jukwaani. Ni mtu mpole sana wa sauti, na kila anapokuwa mpole hivyo mimi husikia baridi miguuni. Alilichukua lile shati, akageuza ukosi kutafuta muhuri wa tarehe, asiuone.

"Shati hili lina umri gani, Mwalimu?"

"Miaka kumi na moja, Mheshimiwa."

"Miaka kumi na moja! Na umelivaa mbele ya watoto?"

"Nimelifua kila Jumamosi, Mheshimiwa."

"Nani alikushonea?"

Mwalimu Sizya alitazama chini. Nadhani angenyamaza hata kama wangemwingiza yeye mwenyewe kwenye zile taya. Lakini nyuma ya umati ilitoka sauti ya mwanamke, iliyojaa wasiwasi wa fundi:

"Ni mimi. Kwani limefumuka wapi?"

Ndivyo nchi yetu ilivyomfahamu Bi Nyanzobe. Shati liliwekwa rumande. Kwa kuwa lake halikuchanika, Mwalimu hakupewa jipya; alirudi nyumbani kifua wazi, mkononi ana stakabadhi.

*

Bi Nyanzobe alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mjane, mwenye vidole vya buluu visivyotakata. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na shamba dogo la pamba, mtambo wa kufumia aliorithi kwa mama yake, na chungu kikubwa cha kuchovyea nyuzi. Kwa miaka arobaini aliwashonea watu wa Ngelewa kimyakimya. Siku ya Kujivika Upya watu walileta zile za kiwandani zichomwe, na nguo zake wakaziacha chini ya magodoro. Mwalimu Sizya alikosea tu. Asubuhi ile nguo yake ya kiwandani ilikuwa imeshafumuka yote njiani, akabaki hana nyingine ya kutoa.

Shauri la Bi Nyanzobe lilisikilizwa ofisini kwetu, nami nikiwa mwandishi.

"Mama," alisema Dokta Kilumanga, "unatuhumiwa kwa kosa la uimara wa makusudi. Unakiri?"

"Neno hilo silijui, Mheshimiwa. Mimi nilishona shati."

"Kwa nini halikuchanika?"

"Lingechanika lingekuwa shati gani?"

"Umeweka nini ndani yake?"

Bi Nyanzobe alimjibu kama anavyojibiwa mteja. "Pamba ya shambani kwangu. Uzi nimeusokota mwenyewe, nikaukaza mara mbili. Rangi ni ya majani ya mnili, na vifungo nimechonga kwa vifuu. Ukingo wa kitambaa, pale panapofumuka, nimeukunja ukajifungia ndani, nikapitisha mistari miwili ya uzi. Na kwapani nimeongeza kipande, maana mwalimu huinua mkono kutwa akiandika ubaoni."

"Nani alikutuma?"

"Mwalimu. Alikuja akaniambia hana shati."

Dokta Kilumanga akanigeukia. "Andika: kuna mtandao."

Nikaandika: kuna mtandao.

Hukumu ilikuwa pamba ing'olewe, mtambo uchomwe, na yeye mwenyewe apelekwe Nyumba ya Hifadhi. Kwetu hakuna magereza. Kuna Nyumba za Hifadhi, na walio ndani ni wahifadhiwa. Karatasi ilikuwa tayari kwa muhuri gari la Ikulu lilipoingia uani na barua.

*

Inabidi nieleze kero iliyokuwa ikiisumbua serikali. Wahifadhiwa nao walivaa nguo za kiwandani, na sheria ya siku tisini haikuwabagua. Kwa hiyo kila Siku ya Kujivika Upya waliletwa uwanjani kwa malori, wakabadilishwa sare, wakarudishwa. Ndugu zao walisimama nyuma ya kamba wakiwahesabu. Safari moja walihesabu mia tatu na kumi. Safari iliyofuata, mia mbili na sitini. Hakuna aliyekuwa ameachiliwa. Kuhesabu kukapigwa marufuku, lakini watu wakaendelea kimoyomoyo, na ukiwatazama midomo ilikuwa inacheza.

Barua ya Ikulu ilisema Baba Mlezi amepata habari za kitambaa kisichochanika, na amefurahi. Iliambatana na sheria mpya aliyoiandika kwa mkono wake, kwa wino wa kijani. Mhifadhiwa atavaa sare moja tu, itakayodumu miaka thelathini, na hatahitaji tena kutolewa nje. Sare itashonwa kwa vipimo vya Sensa, kwa mkono wa Bi Nyanzobe au wa mtu aliyefundishwa naye, na itavumilia mivuto thelathini ya mashine. Mtu ambaye sare yake imepita atachukuliwa ndani ya siku saba. Na hakuna mtu yeyote atakayeingizwa Hifadhi tena bila sare hiyo.

Nchini mwetu wino wa kijani haubadilishwi. Kuubadilisha ni kusema kwamba Baba Mlezi aliwahi kukosea.

Dokta Kilumanga aliichana hukumu taratibu, akatabasamu. "Hongera, Mama. Umekuwa hazina ya taifa." Kisha akaniambia: "Na wewe, Tungaraza, ndiye Msimamizi wa Taifa wa Sindano. Utakaa naye. Chochote atakachofanya, uandike."

*

Nikahamia kwenye kibaraza chake, na meza yangu, na muhuri wangu.

"Shikamoo, Bi Nyanzobe."

"Marahaba, baba. Kaa mbali na chungu, kinachafua."

Kwanza alipanda pamba mpya, maana iliyokuwepo isingetosha sare nyingi. Dokta Kilumanga alikuja wiki ya pili kuuliza lini itakuwa tayari, akajibiwa, "Ikiiva." Jibu halikumridhisha. Alisimama mbele ya shamba na kulihutubia kwa nusu saa juu ya malengo ya taifa na wajibu wa kila mmea. Niliandika hotuba yote. Pamba iliiva mwezi wa sita.

Siku zilikuwa ndefu, na mimi nilikuwa nimekaa tu. Asubuhi moja Bi Nyanzobe alinirushia kipande cha kitambaa.

"Tungaraza baba, unanikera ukikaa hivyo kama gunia. Shika sindano."

"Mimi ni msimamizi, Bi Nyanzobe."

"Simamia na hiyo."

Ndivyo nilivyoanza. Mwezi wa kwanza nilijichoma zaidi ya nilivyoshona. Alikuwa akifumua kazi yangu, akinirudishia. Polepole nikajua kuukunja ukingo ukajifungia ndani, kupitisha mstari wa kwanza, kisha wa pili kando yake, karibu karibu, bila kukaza mno wala kulegeza. Sitaficha: nilipenda. Miaka kumi na minne nilikuwa nikigonga muhuri, na sikuwahi kutengeneza kitu ambacho kesho yake kingekuwepo.

Nilimshonea mke wangu foronya. Aliuvuta mshono kwa nguvu zake zote, ukamshinda. Akakaa kitako, akanitazama kama mtu mgeni aliyeingia nyumbani kwake. Kisha akaenda kuifukia foronya ndani ya pipa la unga, na hatukuizungumzia tena.

Kwenye ripoti zangu za kila juma niliandika: mshonaji anashona, msimamizi anasimamia.

*

Mwezi wa kumi nilileta orodha. Niliinakili mwenyewe kutoka kwenye makabati, kwa namba nilizopewa kutoka juu. Haikuwa na majina. Ilikuwa na mistari mia nne na kumi na miwili ya vipimo, na juu yake kichwa: Watakaohifadhiwa, Ngelewa, Awamu ya Kwanza.

Ilikuwa saa sita mchana. Bi Nyanzobe aliisoma akiifuata kwa kidole. Kwenye mstari wa nne kidole kilisimama.

"Bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Huyu ni Sizya."

"Bi Nyanzobe, ni tarakimu tu."

"Huyu kiuno chake nimekipanua mara tatu. Ni mkunga wa zahanati. Na huyu ni yule bwana wa mashine ya kusaga, mkono mmoja mnene." Alishuka polepole. Hakuna mstari aliokosa. Mji mzima alikuwa ameubeba vidoleni. Hao wote aliowataja walikuwa wateja wake, wale wenye nguo chini ya magodoro. "Na huyu wa tisa," alisema, "ni mimi."

Nilikohoa. Sikujua ripoti yangu iseme nini.

Alifika mwisho wa ukurasa wa mwisho, akanitazama. "Simama. Geuka." Nikahisi tepu ikipita mgongoni, kisha mkononi, kutoka begani hadi kwenye kifundo. Akaweka kidole kwenye mstari wa mia nne na kumi na mbili. Kifua arobaini, mkono ishirini na nne na nusu. Ulikuwa mwandiko wangu, umenyooka, wino haujachafuka popote. Nilikuwa nimejinakili mwenyewe, nikahakiki, nikagonga muhuri.

Nilikaa chini.

"Kwa hiyo nikimaliza sare ya mtu, anachukuliwa," alisema.

"Ndani ya siku saba."

"Na nisipomaliza?"

"Hachukuliwi. Wino ni wa kijani."

"Basi sitamaliza."

Ilinibidi nimwambie lililokuwa kwenye barua ya asubuhi ile. Mwezi ujao mafundi arobaini wa Kiwanda cha Upya wangeletwa kwake awafundishe. Mikono arobaini na mmoja ingemaliza orodha ile kabla ya mvua.

"Nikikataa kuwafundisha?"

"Utaletewa wajukuu zako waangalie unavyokataa."

Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo barua ilivyosema, neno kwa neno. Bi Nyanzobe aliinuka, akaenda kwenye chungu, akakoroga muda mrefu bila sababu. Aliporudi aliuliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Huko Hifadhi wanaruhusu sindano?"

"Hapana. Hata pini. Kanuni ya tatu."

"Na wageni?"

"Kanuni ya nne. Hakuna wageni."

"Hiyo nayo ni ya kijani?"

"Zote ni za kijani."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata kipimo alichokuwa anakitafuta. Akachukua mkasi. "Naanza na wa tisa," alisema.

*

Alishona siku kumi na tisa. Nilidhani angeharakisha, au angeruka hatua, maana hakukuwa na mteja wa kulalamika. Hakuruka hata moja. Kola aliiwekea kitambaa cha pili ndani. Magotini aliongeza tabaka, kwa sababu, alisema, sakafu za kule zitakuwa za saruji. Aliweka mfuko mkubwa upande wa kushoto. Nilimuuliza wa nini, na kule hakuruhusiwi kitu.

"Wa mkono," alisema. "Kutakuwa na baridi."

Sare ilipelekwa kwenye mashine, ambayo ilikuwa imewekewa jino jipya. Ilivumilia mivuto thelathini. Nikagonga muhuri. Dokta Kilumanga alikuja mbio akiwa na furaha kubwa, akauliza bwana huyu wa kwanza ni nani, ili gari litumwe.

"Ni mimi," alisema Bi Nyanzobe, akiwa ameshaivaa.

Mheshimiwa alirudi nyuma hatua moja. "Wewe? Wewe huwezi... Mafundi arobaini wanafika wiki ijayo!"

"Sare yangu imepita, Mheshimiwa. Sheria inasema ndani ya siku saba. Sipendi kuichelewesha serikali."

Dokta Kilumanga alidai apewe sheria. Akaisoma mbele, akaisoma nyuma, akaiinua kwenye mwanga kama vile huenda kulikuwa na maneno mengine ndani ya karatasi. Alipiga simu Ikulu. Kule wakamuuliza swali moja tu: je, anapendekeza kwamba Baba Mlezi alikosea? Akaiweka simu chini kwa mikono miwili.

Lori lilikuja siku ya sita. Watu wa Ngelewa walisimama vibarazani, kila mmoja ndani ya plastiki yake. Mwalimu Sizya alivua kofia. Nilimshika Bi Nyanzobe mkono kumsaidia kupanda, kama msimamizi anavyopaswa, naye akaniinamia kama anayeaga.

"Hujui kushona," alininong'oneza. "Unasikia, Tungaraza? Hujui."

Mafundi arobaini walifika Jumanne. Walikaa kibarazani kwake siku tatu, wakautazama mtambo, wakarudi kwao.

Huu ni mwaka wa pili. Hakuna mtu wa Ngelewa aliyechukuliwa. Orodha ipo kabatini, mistari mia nne na kumi na mmoja. Yeye hatujamwona tena, wala hatutamwona uwanjani, kwa sababu sare yake haihitaji kubadilishwa. Wajukuu zake huja kila Siku ya Kujivika Upya na kusimama nyuma ya kamba, ingawa siku hizi hakuna lori linalokuja; wahifadhiwa wa zamani wanangojea sare zao hukohuko ndani.

*

Miezi mitatu iliyopita Dokta Kilumanga aliisoma ile sheria tena, polepole, na kidole chake kikasimama. Akaniita.

"'Au wa mtu aliyefundishwa naye,'" alisema kwa upole. "Ulikaa naye karibu mwaka mzima, Tungaraza."

"Nilikuwa nasimamia, Mheshimiwa."

"Nyoosha vidole."

Nikavinyoosha. Kwenye ncha ya kidole cha shahada cha kushoto kulikuwa na vidoti vidogo, vigumu, vingi.

"Nini hivi?"

"Pini za makaratasi, Mheshimiwa. Mimi ni karani."

Alitabasamu. Akafungua droo, akatoa kitambaa, uzi na sindano, akavipanga mbele yangu. "Nishonee upande mmoja tu. Tuone."

Nilishona kwa mikono miwili ya mjinga. Mishono mirefu, imelegea, ukingo umeachwa wazi. Mashine, ambayo siku hizi imehamishiwa ofisini kwake, ilikichana kwenye mvuto wa kwanza. "Pole," alisema Mheshimiwa. "Tutajaribu tena Jumatatu."

Tangu hapo nashona kila Jumatatu, saa nne, mbele yake. Watu wa mjini wanajua. Wananisalimu zaidi kuliko zamani, na mkunga akinipita huvitazama vidole vyangu kabla ya uso. Kushona vibaya ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Inabidi niuangalie mkono wangu wakati wote, kama mtu anayemwangalia mlevi karibu na kisima.

Jumatatu iliyopita nje kulikuwa na king'ora, nikainua macho, dakika moja hivi. Niliporudisha macho mezani, ukingo ulikuwa umekunjwa. Umejifungia ndani, safi, na mstari wa kwanza ulikuwa umefika nusu. Dokta Kilumanga alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Nililegeza uzi, nikaharibu nusu iliyobaki kadiri nilivyoweza, nikampa.

Mashine ilivuta mara moja. Ikavuta mara ya pili. Kitambaa kilichanika kwenye mvuto wa tatu.

Mheshimiwa hakusema pole. Alikiokota kipande kile kilichokuwa hakijachanika, akakipitisha kidole chake taratibu juu ya mshono, akakiweka mfukoni. Kisha akaniruhusu nirudi mezani kwangu.

Leo ni Jumamosi.